Pumzi ya Namba Tisa

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, usihangaike, mikosi yangu haihitaji maelezo marefu. Koo lilipasuliwa, sauti ikaondoka, mume akaifuata. Bendi niliyoianzisha mimi na Garrett Lindqvist kwenye chumba cha kufulia nguo cha mama yake, hapa hapa Chicago, ikapata umaarufu bila mimi.

Tena nikisema bila mimi nakosea. Mimi niliondoka, sauti yangu ikabaki kwenye mashine.

Miaka kumi na moja sasa, Tin Meridian wakipanda jukwaani, Garrett anabonyeza vinanda vyake vya umeme, magitaa yananguruma, na dada mmoja mrembo aitwaye Sloane Avery anaimba. Nyimbo nyingine zote anaimba mwenyewe. Ukifika ule wimbo uliowapa jina, "Chini ya Ngazi", yeye anachezesha midomo tu. Anayeimba ni mimi, kwa pleibeki.

Niliishia pale karatasi ya mwanasheria wao ilipoteleza chini ya mlango wangu. Kwa ufupi ilisema: mimi, Jolanta Wierzba, nakubali kwamba sauti iliyomo kwenye wimbo huo si yangu. Niweke saini kabla ya Ijumaa jioni, kwa kuwa Ijumaa hiyo onyesho lao la Chicago lingerekodiwa liwe albamu.

Ijumaa ikafika, saini sijaweka. Ruhusa kazini nilikuwa nimeiomba jana yake, karatasi nikaitia mfukoni, nikaenda kupanga foleni kama shabiki mwingine yeyote. Miaka yote hiyo sikuwahi kwenda kuwatazama. Nilisema moyoni, wanaotaka niukane wimbo wangu, kwanza niusikie ukipigwa mbele ya macho yangu.

Kazini kwangu tunatengeneza meno bandia. Bosi wangu, Mgiriki anayeitwa Stavros, alinipa ruhusa pamoja na utani wake wa kila siku.

"Jola, mji mzima unatabasamu kwa meno yako, lako mwenyewe la mbele limemeguka kama kikombe cha mgahawani! Ukipanda ngazi unalia kama birika. Nikutengenezee moja bure?"

"Jino langu liache lilivyo, Stavros."

"Ukaidi wako utakuzeesha."

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Lawrence Avenue, mbele ya ukumbi wa Palmyra, upepo wa ziwani unakata masikio. Nikadhani nimewahi. Kumbe kuna watu wanane, wana viti, mablanketi na chupa za kahawa.

"Mkono," sauti ikaniamuru.

Alikuwa mama mnene wa makamo, kofia ya sufu imemfunika nyusi, kalamu ya wino mzito mkononi. Marcy Tolliver ndilo jina lake. Kazi yake kuendesha basi la shule, na foleni aliiendesha vivyo hivyo.

"Wa kulia, dada. Wino unaganda kwa baridi hii."

Nikatoa mkono, akanichora 9 kubwa.

"Sheria zetu hizi hapa. Nahakiki namba saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Nikiita namba yako hupo, umefutwa. Sitaki kusikia habari za choo, sitaki kusikia habari za mjomba kalazwa."

"Na walinzi wa ukumbi wanazitambua namba zenu?"

"Walinzi?" Akacheka. "Walinzi wananipa shikamoo. Mara ya ngapi hii kuja kuwaona?"

"Ya kwanza."

"Mgeni huyu!" akapiga kelele, na foleni yote ikanipigia makofi. Watu wazuri, kusema kweli. Nikapewa kahawa na nusu ya blanketi.

Mambo yaliharibika baada ya uhakiki wa saa nne. Marcy alipandisha mkono wa koti lake, akanionyesha tatuu ya vimistari virefu na vifupi.

"Unaijua hii?"

"Mchoro wa sauti."

"Mchoro wa Pumzi. Ile ya kwenye 'Chini ya Ngazi'. Mashine zote zinanyamaza, Sloane anavuta pumzi, halafu anaipandisha ile sauti ya juu kabisa. Sisi tunavuta naye, watu elfu mbili kwa pamoja. Na pale mwisho wa pumzi kuna kifilimbi chembamba, fiii, unakijua?"

Akatoa kifuani filimbi ndogo ya bati. Nikaangalia kushoto na kulia. Kila shingo ilikuwa na filimbi.

Pumzi ile niliivuta mimi, nina miaka ishirini na sita, nimeketi juu ya kapu la nguo chafu. Na hapa kuna mwanamke kaichora mwilini mwake.

Ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza.

"Si Sloane," nikasema. "Ni mimi."

Wakaangua kicheko mpaka njiwa wakaruka.

"Kila foleni ina kichaa wake!" akasema kijana wa namba nne. "Boston tulikuwa na mmoja anadai ni mume wa Sloane."

"Basi tuambie," Marcy akanibana, "hicho kifilimbi ni nini?"

Wimbo wenyewe nilikuwa sijausikiliza miaka kumi na moja, maana kila ulipopigwa redioni nilizima. Kifilimbi sikukikumbuka hata kidogo.

"Hicho... labda ni mashine."

"Garrett mwenyewe alishasema kwenye mahojiano ni mashine, hata mtoto anajua. Imba basi tukusikie."

"Koo langu limepasuliwa. Daktari amenikataza sauti ya juu. Nikilazimisha, hata hii ya kuongelea inaweza kuondoka isirudi."

"Haya, koo limepasuliwa!" Namba nne akajishika mbavu. "Na sauti yenyewe kama mlango wa gereji!"

Nilijikaza kisabuni. Bahati yangu namba sita alirudi na mkate wa soseji uliomwagiwa tomato sosi, wakamzomea yeye kuliko mimi. Kutia tomato sosi kwenye soseji hakusameheki Chicago.

Saa kumi kasorobo mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Desmond Pruitt. Huyu ni fundi mitambo wa bendi tangu enzi za chumba cha kufulia. Yeye ndiye aliyebonyeza kitufe siku ile tuliporekodi. Alikuja kuvuta sigara, macho yake yakagongana na yangu, sigara ikamdondoka.

"Jola?"

Foleni yote ikageuka. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Shahidi huyo!

Marcy akasogea. "Fundi, unamjua huyu? Anasema yeye ndiye aliyeimba 'Chini ya Ngazi'."

Desmond akamtazama Marcy, akautazama mlango nyuma yake, akanitazama mimi.

"Nimemfananisha," akasema. "Simjui."

Ama kweli! Mtu niliyempikia supu ya bitiruti miaka mitatu. Nilimkata jicho ambalo naamini analiota mpaka leo.

Alipopita karibu yangu akaninong'oneza. "Nina watoto wawili chuoni, Jola, usinichukie. Garrett anaitaka karatasi. Njoo mlango wa nyuma sasa hivi."

"Marcy," nikasema, "naomba dakika chache."

"Uhakiki ni saa kumi kamili, namba tisa. Kichaa au mzima, sheria ni moja."

Garrett alikuwa amekaa kwenye chumba cha wasanii, nguo nyeusi tupu, nywele zimeanza mvi. Sloane alikuwa kwenye kochi anakula zabibu. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Meno yake, nikisema kama fundi, hayana dosari.

"Jola! Unapendeza. Umeileta?"

"Ninayo."

"Kalamu hii hapa. Ukimaliza nakuwekea kiti pembeni mwa jukwaa, utazame kwa raha zako."

"Sitaki kiti. Nataka kitu kimoja. Kabla ya wimbo, useme aliyeimba ni Jolanta Wierzba. Maneno hayo tu, halafu naenda zangu."

"Watu wajue tumewadanganya miaka kumi na moja?"

"Mmewadanganya."

"Tumewadanganya," akanirekebisha taratibu. "Au umesahau? Mimi ninayo barua yako mpaka leo."

Msomaji wangu, hapa inabidi nikiri. Katika sehemu ya pili niliandika kwamba Garrett aliniibia sauti. Nilikudanganya.

Ukweli ni kwamba nilikuwa kitandani hospitali, sina hata mnong'ono, ziara ya kwanza kubwa ya bendi imebaki siku nne. Nilichukua kalamu nikamwandikia Garrett kwa mkono wangu: "Tumieni ile tuliyorekodi kwenye chumba cha kufulia. Tafuta msichana achezeshe mdomo. Nikipona narudi." Uongo ule niliuanzisha mimi. Sikupona, na nikaona aibu kusema.

"Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili," Sloane akadakia kutoka kwenye kochi. "Niliambiwa ni wiki tatu tu."

"Sloane, hayakuhusu," Garrett akasema.

"Hayanihusu vipi? Mdomo ni wangu! Unajua inavyokuwa, Jola, kuachama mbele ya watu na kusikia pumzi ya mtu mwingine ikitoka? Nimemwomba mara ngapi niuimbe mwenyewe. Anakataa."

"Mashabiki wanaitaka ile ile," Garrett akasema. Kisha akanigeukia, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Sikiliza. Usipoweka saini, kesho naianika barua yako. Wote wasome ni nani aliyebuni huu uongo. Wewe ndiye utakayechekwa, siyo mimi."

Nilihisi maji yamenifika shingoni. Kalamu ilikuwa pale mezani. Ningeandika jina langu mara moja, nikarudi kwenye meno yangu, na barua ingebaki kabatini.

Halafu nikaikumbuka ile tatuu.

"Ianike," nikasema. "Utakuta nimeshawaambia mwenyewe."

"Huna ubavu huo."

"Nitazame."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika mbili.

Nilikimbia. Walinzi walinizuia nisipite ndani, ikabidi nizunguke jengo zima, kichochoro kizima cha mapipa ya taka, mguu mmoja ndani ya dimbwi. Nilifika kwenye foleni nimeshika kiuno. Foleni sasa ilikuwa na watu mia moja na zaidi.

Marcy alikuwa ameshika daftari. Hakuinua hata macho.

"Tisa amefutwa."

"Marcy, nime..."

"Dakika nne. Nenda mwisho, utakuwa mia moja na kumi na tatu."

"Marcy, sikiliza..." Pumzi ilikuwa haitoshi. Nikavuta nyingine kwa nguvu, meno yameumana kwa baridi na hasira, ili nimpe maneno yake.

Fiii.

Daftari likashuka.

"Rudia," akasema Marcy.

"Nirudie nini?"

"Pumua. Hivyo hivyo ulivyopumua."

"Unanitania tena?"

"Dada, nakuomba, pumua!"

Nikavuta pumzi. Fiii. Kijana wa namba nne akaacha kutafuna. Marcy akanishika kidevu, akaniinamisha kichwa kama daktari, akachungulia mdomoni mwangu.

"Jino hili nani alilimegua?"

"Garrett. Alikuwa anageuza kipaza sauti, chuma kikanigonga mdomoni. Siku ile ile tuliporekodi. Sikutaka tusimame, nikaendelea kui..."

Sikumaliza, maana na mimi nilielewa pale pale. Miaka kumi na mitatu, tangu miaka miwili kabla ya kupasuliwa, nimetembea na kifilimbi mdomoni, Stavros ananicheka kila siku kwenye ngazi, na sikujua.

"Nimepuliza filimbi miaka kumi na moja," Marcy akasema polepole, "kumbe napuliza jino la mtu."

Watu walianza kunisogelea, mmoja tayari amenyoosha simu. Nikainua mikono.

"Ngojeni. Kabla hamjanipongeza, uongo niliuanza mimi." Nikawaeleza yote, hospitali, barua, wiki tatu zilizokuwa miaka. Nilieleza kwa sauti yangu hii ya mlango wa gereji, na safari hii hakuna aliyecheka.

Marcy akakunja uso. Aliudhika na mimi, na alikuwa na haki.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Ndiyo."

"Mimi nimejichora mwilini. Nimewahi kwenda kuwaona Cleveland na homa."

"Najua. Sina cha kukulipa."

"Na leo umekuja kufanya nini?"

Nikaitoa karatasi. "Leo wanataka niseme sauti siyo yangu. Nimekataa. Atanianika kesho, na bado nimekataa."

Aliisoma huku midomo yake ikienda. Akaisoma tena. Kisha akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya mgongo wa namba nne, akaandika kwa ile kalamu yake ya wino mzito: "Sisi wenye namba hizi tumeisikia Pumzi kwa masikio yetu, mchana kweupe, barabarani, kwenye kinywa cha Jolanta Wierzba." Chini yake akaweka jina lake na namba 1.

"Ipitishe," akamwambia namba mbili.

Ilipita mkono kwa mkono hadi kwenye kona ya jengo na kurudi. Namba sita aliisaini kwa vidole vya tomato sosi. Karatasi iliyotakiwa kuwa na jina moja ilirudi na majina mia moja na kumi na moja.

"Kuhusu namba yako," Marcy akasema, "sheria ni sheria. Namba iliyofutwa hairudi."

"Nimekubali. Naenda mwisho."

"Sijamaliza kuongea. Yako imefutwa, yangu haijafutwa." Akanivuta mkono, akaikata ile 9, pembeni yake akaandika 1. Halafu akajiandikia mwenyewe 113, chini kidogo ya tatuu yake. "Miaka kumi na moja nimesimama mbele kabisa Chicago. Leo nitatazama kutoka nyuma. Usinishukuru, bado nimekasirika."

Akaanza kutembea kuelekea mwisho wa foleni, na kila aliyempita akamwambia neno moja. Nilikuja kulijua baadaye.

Saa kumi na mbili Desmond akatoka tena.

"Jola, Garrett anaulizia karatasi. Onyesho halianzi mpaka aione."

Nikampa. Aliiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akakaa muda akisoma yale majina.

"Hii siwezi kumpelekea Garrett."

"Mpelekee Sloane. Garrett akiuliza, mwambie ukweli, kwamba karatasi ina saini na Sloane anayo."

Akacheka kidogo, mara akasita. "Pale mchana niliposema sikujui..."

"Kule ndani nani anabonyeza kitufe cha sauti yangu?"

"Mimi."

"Basi radhi usiniombe kwa mdomo, Desmond."

Akaikunja karatasi, akaingia.

Saa mbili taa zikazimwa. Nilikuwa nimeshikilia chuma cha mbele, hakuna mtu kati yangu na jukwaa isipokuwa mlinzi mmoja. Ngoma ilipopigwa mara ya kwanza niliisikia mbavuni kabla haijafika masikioni.

Nilikuja na nia ya kuwachukia. Sikuweza. Garrett anajua kuzifanya mashine zilie, na Sloane, nakiri, anaimba. Wimbo wa tatu nilikuwa naruka kama watoto wa sekondari, huku namtukana Garrett kwa Kipolandi. Niliona raha na nilikuwa na hasira, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu ikaanza "Chini ya Ngazi".

Sauti ya msichana wa miaka ishirini na sita ikajaa ukumbi. Haikuwa na kovu wala talaka. Sloane alichezesha midomo, watu elfu mbili wakamfuata, na mimi nikalia bila kujificha. Nililia kwa sababu ilikuwa nzuri. Siku zote nilidhani labda nimeitia chumvi, kumbe ilikuwa nzuri kweli.

Tukafika mahali penyewe. Magitaa yakakatika, ngoma zikakatika, vinanda vikanyamaza.

Nikasubiri pumzi yangu itoke kwenye spika. Haikutoka.

Kule nyuma kwenye meza ya mitambo, Desmond alikuwa amesimama wima, mikono yote miwili juu, watu wote wamwone kwamba hagusi kitu.

Nikasubiri filimbi elfu mbili. Haikulia hata moja. Ndilo lile neno ambalo Marcy alikuwa amelipitisha kwenye foleni, na foleni ikalipitisha ukumbini: leo filimbi chini.

Garrett akabonyeza kinanda, lakini nacho Desmond alikuwa amekizima. Kimya. Akabonyeza tena, mara tatu, nne, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kwenye kamera ya mpiga picha wao taa nyekundu ilikuwa inawaka. Walikuwa wanarekodi.

Sloane akashuka jukwaani.

Alikuja moja kwa moja kwangu, mlinzi akampisha. Mkono mmoja ulikuwa na karatasi iliyokunjwa, nikaona wino mzito wa Marcy umepenya upande wa pili. Mkono mwingine ulikuwa na kipaza sauti. Akakiziba kwa kiganja.

"Nimechoka kukubebea," akaniambia. "Chukua."

"Sloane, sauti yangu imekwenda. Baada ya pumzi kuna ile ya juu..."

"Najua kuna nini baada ya pumzi. Nimeiachamia miaka kumi na moja."

Akaondoa kiganja, akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Juu ya jukwaa Garrett alinitazama, akatikisa kichwa, akanitolea neno moja kwa midomo bila sauti: usithubutu.

Alikosea kuniambia hivyo.

Nikavuta pumzi. Kifilimbi cha jino alilolimegua yeye kikapita kwenye spika zote za Palmyra, fiii, na mtu mmoja kule nyuma kabisa akapiga yowe. Nilimtambua. Kisha watu elfu mbili wakavuta pumzi pamoja nami.

Sasa ilibaki ile sauti ya juu. Daktari aliniambia wazi kwamba nikiijaribu, huenda nisiongee tena maisha yangu yote. Mapafu yalikuwa yamejaa, taa nyekundu inawaka, na hakuna mashine yoyote ya kunifichia.

Nikafungua mdomo.

Itaendelea Jumamosi ijayo.